Fenesi Nyuma ya Baba

Matombo, Jumapili

Kaka Prosper,

Shikamoo. Simu yako haipatikani, kwa hiyo barua hii nampa Twalibu akuletee huko Kisaki. Sisi wazima, ila matope yametukomoa.

Jana nilimsaidia mama kuuza kwenye kibanda chetu cha matunda. Ungecheka! Mama bado anampa kila mteja nyongeza, huyu ndizi, yule pasheni, na baba bado ananuna: "Si ugawe na kibanda chenyewe!"

Mara akasimama mteja mmoja mwenye gari, akalitaka fenesi kubwa lililokuwa nyuma ya baba. Baba akakataa. Mteja aliposisitiza, baba akalifunika kwa gunia.

"Hilo la Prosper," akasema.

Kaka, tangu mlipogombania lile shamba, hajawahi kulitaja jina lako. Mama aliachia sinia la pasheni, zikabingirika hadi barabarani. Nilipomuuliza baba kama nikuandikie, akanifokea nikaokote pasheni.

Fenesi limeanza kunukia nyumba nzima. Njoo upesi. Likioza, baba ataapa kwamba lilikuwa la kuuza.

Mdogo wako anayekuwekea kiti,
Adelina