Mistari Sita ya Mama Nyanya

5 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumai goti limepoa na nyumbani hawajambo. Sisi wazima, ila midomo imekauka kwa mazoezi.

Tumeleta ofisini kwako igizo letu la choo cha soko. Unajua mwenyewe: kimepigwa kufuli tangu mwaka jana, ufunguo anao meneja, na wauzaji wanabisha hodi nyumba za watu wakiomba kujisaidia. Mimi ndiye Mama Nyanya, ninayemtaja meneja mwishoni. Kibali kiko mikononi mwako. Tafadhali, usinikate ulimi.

Mpwa wako

9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti linanung'unika tu kama kawaida yake.

Kibali nimetoa, lakini mistari yako sita ya mwisho nimeifuta. Usininunie. Meneja ni rafiki wa mkuu wangu, nami nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nimeisoma mara nane nikitafuta pa kuokoa hata mmoja. Ukiitamka, kundi linafungiwa. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Mjomba wako

17 Machi

Shikamoo Mjomba! Nyie hamjambo? Mimi sauti sina, kwa furaha tu.

Nilikutii kwenye onyesho. Nilipofika kwenye mistari iliyofutwa nikafumba mdomo, nikasimama na beseni langu kichwani. Nilisahau kwamba wiki tatu tumefanyia mazoezi palepale sokoni, kati ya meza za vitunguu. Kimya kilipozidi, mzee mmoja nyuma, sikumwona, akapaza sauti: "Ufunguo uko mfukoni mwa nani?" Soko zima likajibu! Wakaimaliza mistari yote bila kukosea neno, wauza nyama wakigonga visu mezani, na meneja kakaa kiti cha mbele kabisa.

Asubuhi kufuli halipo. Watu wanatoka chooni wanapongezana!

Ila nasikia anasakwa aliyeanza. Naogopa tutafungiwa. Umesikia lolote?

Mpwa wako

20 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, sote wazima.

Mkuu aliniagiza niandike taarifa. Nimeandika kwamba waigizaji hawakutamka neno lililofutwa, nami nilikuwepo, nimesimama nyuma karibu na muuza ndoo. Nilikuja kuhakikisha unatii. Nilipokuona umenyamaza na beseni lako, roho iliniuma, na mistari ile nimeihifadhi kuliko wewe. Basi penye "aliyeanza" nimejaza jina langu, nikatia sahihi.

Mkuu ameisoma mara mbili, akavua miwani, akacheka hadi akakohoa. Kumbe mama mkwe wake anauza viatu pale sokoni. Anauliza onyesho lijalo ni lini.

Mjomba wako