Kimya Ndani ya Damu

Dada Akinyi, huku Tororo mvua haikatiki. Juzi kule kijijini Petta, tulikokwenda kuchukua damu ya utafiti, mama mmoja alinipakulia ugali wa wimbi akicheka: "Mimi hapana gonjwa, nakwenda shamba kila siku." Kumbe damu yake imejaa malaria. Maabarani tulitia kingamwili zenye rangi, zikang'arisha seli zinazonyamazisha kinga ya mwili. Tunadhani ndizo zinazomzuilia homa. Kwa desturi yetu, damu ya kulinganishia hutolewa na mfanyakazi mzima, basi nikatoa yangu. Dada, seli zangu ziling'aa kuliko zake! Nikapimwa: malaria tele. Nimemeza dawa, ila kimya hiki mwilini kinanitisha kuliko homa. Mkumbatie Mama. Akiuliza, mwambie sijambo. Hata mimi jana asubuhi ningeapa hivyo.

Mdogo wako, Atieno