Boriti na Waamuzi Wanne

Jumapili, 28 Januari

Imepita! Miaka saba ya barua, na leo kamati ya michezo ya mkoa imekubali mapendekezo yangu yote. Mashindano ya jimnastiki ya kufuzu hayatakuwa tena karamu ya wenyeji. Waamuzi watapatikana kwa kura. Wanne kwa kila kifaa. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, mbili za katikati ndizo zinazopigwa wastani. Mwenye mwanafunzi shindanoni haamui. Kifaa kikikosa waamuzi wanne, matokeo yake hayahesabiwi.

Na nguruwe marufuku! Zamani shule ya mjini iliwachomea waamuzi nguruwe mzima siku ya kuamkia mashindano, ngozi ikivunjika kama biskuti, na kesho yake alama zilimfuata nguruwe. Mkono mtupu haulambwi. Mimi mwoka mikate ningepeleka nini?

Mwalimu Ponciano, kocha wa hiyo shule ya mjini, alinipa mkono, akaniita Nang, dada mkubwa, kama wanavyoniita wote. "Hongera, Nang Doray. Umeleta haki. Sasa tutakula nini?" Watu wakacheka. Hata mimi.

Nimerudi ghalani, tunakofanyia mazoezi, nikamwambia Marivel. Alipanda boriti, ile mbao yetu nyembamba ya mazoezi, akarudia zoezi lake lote bila kuyumba. Alikuja kwangu na miaka sita, katumwa mkate, nikamwona anatembea juu ya ukingo wa mfereji wa mashamba ya mpunga kama paka. Sasa ana kumi na saba. Mwaka wa mwisho wa shule. Mkoa unapeleka wasichana wawili tu kwenye mashindano ya taifa, na ni huko tu makocha wa vyuo vya Manila huchagua wa kusomeshwa bure. Asipofuzu, anabaki kwenye tanuri langu. Tanuri limenilea mimi, silitukani. Lakini yeye — hapana.

Alhamisi, 8 Februari

Tumefika mjini. Wasichana wangu sita na mimi tumepewa darasa la watoto wadogo, kama kila mwaka. Madawati tumeyaunganisha yakawa vitanda, chungu cha wali kiko chini ya ubao. Samaki wakavu wameshanuka hadi darasa la jirani. Wamegonga ukutani, tukawapelekea wawili, wakanyamaza.

Hesabu yangu haijabadilika. Kwenye vyuma vya kuning'inia Marivel ni dhaifu, maana vyuma vyetu ni mabomba ya maji. Kuruka, wastani. Sakafu, vizuri. Boriti — hakuna wa kumfikia mkoani. Nafasi ya kwanza ina mwenyewe, msichana wa kisiwa cha pili, hilo halina ubishi. Ya pili ni kati ya Marivel na Kyla, msichana wa Ponciano. Boriti ikiwepo, Marivel anapita. Boriti isipokuwepo, hapiti.

Ijumaa, 9 Februari

Nimejichimbia kisima.

Kura zimepigwa asubuhi. Vifaa vinne, waamuzi wanne wanne — kumi na sita. Wenye leseni mkoani tuko wengi, lakini karibu wote ni makocha! Wasio na mwanafunzi hapa ni kumi na watano. Miaka saba nimepiga hesabu ya kila kitu, kasoro hii. Mkoa kama wetu, anayejua mchezo ni anayeufundisha. Nilidhani nani angekaa kwenye viti, malaika?

Boriti ndiyo iliyobaki na watatu. Boriti!

Bi Perpetua, mkuu wa waamuzi, mama mwenye sauti ya chini, alitusomea sheria. Yangu, neno kwa neno. Kifaa hakihesabiwi. Labda apatikane mwenye leseni ambaye hana mwanafunzi. Makocha wengine waliinamisha vichwa. Nani atawaacha watoto wake?

Akanigeukia, akauliza kama ningekaa mimi. Watano kati ya wasichana wangu hawakuwa na tumaini la kufuzu, wamekuja kuzoea. Kuwaondoa kungewaumiza, lakini wangeishi. Marivel angeweza kuhamishiwa kwa kocha mwingine leo leo. Timu zote zimejaa, mwenyeji peke yake ana nafasi ya ziada. Yaani Ponciano.

Niliuliza kuhama huko ni kwa siku ngapi. Si kwa siku, akasema. Ni moja kwa moja. Akifuzu, atakwenda taifa kwa jina la shule ya mjini.

Ponciano alikuwa mlangoni, anachokonoa meno. Akasema kwa upole kabisa, "Mkuki kwa nguruwe mtamu, Nang Doray."

Wasichana watano wamelia. Marivel hakulia. Aliuliza tu, "Nang, utanipa alama wewe?" Nikamwambia mimi na watatu wengine. Akasema, "Basi sawa," akaenda kuosha vyombo.

Jumamosi, 10 Februari, asubuhi

Nimetia saini. Karatasini simjui. Nimemfunga nywele mara ya mwisho, kisha akavaa sare yao, ya buluu. Imempwaya mabegani. Nilitaka kuishona, akanikumbusha kwamba mwamuzi haruhusiwi kumgusa mshindani.

Jumamosi, mchana

Naandika nyuma ya ratiba, kwenye benchi nje ya chumba cha waamuzi. Nitabandika daftarini nikifika nyumbani.

Vyuma vilikwenda vibaya kama nilivyojua. Kuruka na sakafu akafidia. Kyla alishamaliza vyote. Marivel akaja boritini wa mwisho, anahitaji 11.2 ampite. Mazoezini hajapata chini ya hapo tangu Krismasi.

Alianza — Mungu wangu, alivyoanza! Halafu ile pindu ya nyuma, mguu wa kushoto ukateleza, akainama, na kiganja cha kulia kikashika boriti. Upande wangu. Akasimama, akaendelea kama hakuna kitu, akashuka vizuri. Watu wakapiga makofi.

Kushika kwa mkono ili usianguke hukatwa nusu alama. Penseli yangu ilikuwa kwenye 11.3. Nikaandika 10.8. Sikufikiri. Ningefikiri nisingeandika.

Wenzangu: 11.5, 11.3, 10.9. Tupa ya juu, tupa ya kwangu. Katikati ni 11.1.

Pointi sifuri nukta moja!

Haijatangazwa. Tofauti ya juu na chini imezidi kiwango, kwa hiyo lazima waamuzi wajieleze. Wawili waliokaa ng'ambo hawakuona mkono. Aliyeandika 10.9 anasema yeye alikata kwa ajili ya vidole vya miguu visivyonyooka, mkono hakuuona. Nimeuona mimi tu. Nikirudisha nusu yangu, zinabaki 11.3 mbili katikati. Amepita.

Bi Perpetua alinivuta pembeni. "Uko peke yako, Nang. Macho huchoka. Ukibadilisha, hakuna atakayeuliza."

Nikaomba dakika tano.

Ponciano amepita hapa sasa hivi. Nilidhani amekuja kunicheka. Akakaa kwenye benchi, akaniambia nibadilishe. Yeye hapotezi kitu, amesema, maana wote wawili ni wake sasa. Lakini yule mtoto alichofanya mle ndani yeye hajawahi kufundisha mtu akakiweza. "Uliyataka macho ya haki, umeyapata," akasema. "Leo yafumbe." Hakuwa anatania. Bora angetania.

Marivel alipokuwa na miaka sita nilimfundisha neno moja kabla ya kumfundisha kutembea kinyumenyume. Ukigusa, sema umegusa.

Mlango wa ukumbi uko wazi, naiona boriti. Dakika chache zilizopita chapa ya mkono ilikuwa palepale juu yake, ya unga mweupe wanaojipaka mikononi wasiteleze, vidole vitano na kiganja. Mimi na unga tunajuana. Nilijiambia: mwenzangu yeyote akitoka nitamwonyesha. Halafu nikajiambia: sitamwonyesha.

Sasa haionekani. Marivel amekuja kusimama pale na ile sare ya buluu. Ameegemea boriti, mgongo umefunika palepale. Sijui kama anaificha au amechoka tu. Ananitazama.

Bi Perpetua ameita jina langu mara ya pili. Marivel hajasogea.