Hatua Tatu Nyuma

Jumapili, 11 Mei

Tumefungwa. Pointi moja! Na majirani zetu wa kaunti ya pili, watu ambao hatujawashinda miaka kumi na tisa, na leo tulikuwa nao mkononi. Nimeingia ndani na koti linachuruzika maji, hata birika sijawasha. Masikio yananiwaka kwa hasira.

Dakika ya mwisho. Refa anatupatia mpira wa adhabu, mita thelathini, katikati kabisa ya milingoti. Kwenye mchezo wetu huu mpira ukipita juu ya mtambaa panya ni pointi; ukipita tu tumesawazisha, muda unaongezwa, na wale walikuwa hoi, ndimi nje. Mpigaji Enda Rattigan, mtoto wa jirani yangu Attracta. Miaka ishirini na mitatu, na tangu msimu uanze hajakosa wa karibu namna ile. Attracta akainuka akaenda kusimama nyuma ya jukwaa, kama desturi yake. Hawezi kumtazama mwanawe akipiga. Uwanja kimya, mvua tu. Mimi peke yangu nikasimama kumkumbusha kijana: "Hatua tatu, Enda! Tatu!" Jukwaa zima lilinisikia. Sauti bado ninayo, namshukuru Mungu.

Akapiga. Mlingoti wa kushoto — ngo! — nje.

Attracta alinirudisha nyumbani, maana mimi sijaruhusiwa kushika usukani tangu niote mtoto wa jicho. Maili arobaini bila neno. Sandwichi zake za mayai zimerudi zote, hakuna aliyegusa. Nilikuwa na mengi ya kusema juu ya mpira ule. Nikajikaza.

Jumatatu, 12 Mei

Sikujikaza vya kutosha.

Kila baada ya mechi redio ya kaunti hufungua simu asubuhi, watu watoe nyongo. Hakuna jiko lisilosikiliza. Nimepiga. Najua, najua! Jina sikutaja. Nikasema mimi ni shabiki wa upande wa magharibi, nikafunika simu kwa leso na kuongea kwa pua. Nikamwaga yote. Kocha analala. Mabeki wamesimama kama wageni waliokosa viti arusini. Na mpigaji yule, nikasema, ukimsimamisha ufukweni hawezi kutia mpira baharini.

Hapo ningekata simu. Lakini yule mtangazaji ni mjanja. Akaniuliza kwa upole, mzee, kijana huyu unamfahamu? Nani alimfundisha kupiga?

"Simjui mimi," nikasema. "Lakini huyo aliyemfundisha afungwe jela."

Aliyemfundisha ni mimi. Tangu ana miaka saba, pale nyuma ya zizi langu, milingoti yetu miti miwili. Hatua tatu nyuma, mbili kushoto, vuta pumzi, piga. Jioni ngapi! Marehemu mke wangu alikuwa akituita chakula kikapoa.

Na hapo hapo Askofu akalia. Askofu ni punda wangu. Kaunti nzima hakuna punda aliaye kama yeye: huanza kama mlango wenye kutu, humalizia kama mtu anayezama. Alitia kichwa dirishani akalia hewani mpaka mwisho, mtangazaji anacheka hana pumzi. Saa tano nilipofika dukani, mwenye duka akaniuliza Askofu ana maoni gani kuhusu mabeki.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata getini.

Jumanne, 13 Mei

Nimempelekea Attracta mayai ya bata. Mlango wa jikoni kwake ni wa vipande viwili. Alifungua kipande cha juu tu.

Akaniita Festus Gavaghan. Akitaja majina yote mawili, ujue umekwisha. Akanieleza, macho yapo kwenye mayai, kwamba Enda jana amemwambia kocha hatapiga tena mpira wa adhabu. Atafute mwingine. Na kwamba Jumamosi, kwenye kombe hili la walioshindwa tulilotupwa, hajui hata kama atavaa jezi. Hajala. Ile redio aliisikia akiwa karakana, kazini kwake, na watu wa karakana nao wanasikiliza.

Nikaanza kusema kwamba hasira ni hasara, kwamba sikukusudia.

"Petro alipomkana bwana wake alikuwa na jogoo," akasema. "Wewe una punda."

Akafunga. Nimerudi na mayai.

Sasa nani apige Jumamosi? Hakuna! Yule kijana wa mjini anapiga kama mtu anayefukuza kuku. Tutaaibishwa na kaunti ambazo hata uwanja wa nyasi ni juzi wamepata. Nimezunguka jikoni nikiwalaani wateuzi wa timu wote mmoja mmoja, na nilipomaliza orodha nikabaki mimi. Miaka ishirini na miwili nimekaa kwenye gari la Attracta, chupa moja ya chai, mvua na jua. Mke wangu alipofariki, yeye ndiye aliyenitoa ndani Jumapili ya kwanza. Aliniambia nivae koti, mpira hausubiri wafiwa.

Naona aibu. Haya, nimeandika.

Jumatano, 14 Mei

Enda amekuja! Kazi yake ni kukata kwato za wanyama, na leo ilikuwa zamu ya Askofu. Nilijua hatakuja. Saa kumi kamili gari lake likaingia, akashuka na aproni yake ya ngozi, akasema habari za mchana. Akainua mguu wa punda akaanza kukata. Askofu, msaliti, akamlazia shingo begani.

Mimi nimeshika kamba. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu asubuhi, yote yakayeyuka. Nikauliza kama kisu kinakata vizuri. Kinakata, akasema. Mguu wa kwanza ukaisha. Wa pili. Kwenye wa tatu akaongea, kichwa hakuinua.

"Mzee Festus, Jumapili nilikuwa nimeshamaliza hatua tatu."

Sikumwelewa. Nikamwambia aseme vizuri.

"Nilikuwa nimehesabu tatu, nimevuta pumzi. Ndiyo nikakusikia. Tangu mdogo nikisikia sauti yako, miguu inatii kabla ya akili. Nikarudi nyuma tena tatu."

Sita! Nani anaweza kupiga kutoka hatua sita? Nimeona mechi nzima kwa jicho moja na nusu, nikaona kila kosa la kila mtu, hizo tatu za ziada sikuziona. Nilikuwa nasifu sauti yangu.

Waandishi walipomuuliza alisema ni upepo. Kocha naye aliambiwa upepo. Mama yake hajui mpaka leo. Nikamuuliza kwa nini hakusema, hasa baada ya redio, angenimaliza kwa sentensi moja.

"Ungeacha kuja uwanjani," akasema. Akashika mguu wa nne.

Nimesimama na kamba kama mtoto. Kwato zilipokwisha nikamwambia, apige Jumamosi. Asipige kwa ajili yangu, apige kwa sababu hakuna mwingine na yeye anajua hakuna mwingine. Alikuwa anapanga vifaa vyake, kimoja kimoja, taratibu mno.

"Nikipiga, wewe unyamaze."

Nimeahidi. Nimeahidi mbele ya punda.

Alhamisi, 15 Mei

Nimepiga redio tena. Bila leso.

Wakaniweka nisubiri! Kwanza matangazo ya vifo, sita, wawili nawajua. Kisha habari za mnada wa ndama. Kisha mwanamke mmoja analalamikia mashimo ya barabara, na ana haki, lakini kwa urefu ule? Mwishowe mtangazaji akaja, akauliza, samahani, wewe si yule wa punda?

Nikasema ndiyo. Nikataja jina, nikataja parokia. Nikasema Enda Rattigan nimemfundisha mimi, na Jumapili hakukosa yeye, nilimkosesha mimi kwa mdomo wangu, na nikaeleza zile hatua. Nikasema kama ile jela bado ina nafasi, naishi nyumba ya mwisho kabla ya daraja.

Sijawahi kusikia redio ikinyamaza. Halafu akanishukuru, wakapiga muziki wa kodiani.

Askofu hakutoa hata mlio. Siku ya kutakiwa atoe ushahidi!

Redio ya Attracta huwashwa alfajiri ikazimwa wakati wa rozari. Amesikia. Simu haijalia.

Ijumaa, 16 Mei

Hakuna kitu. Mvua.

Padri Noone amepita, akasema ana nafasi ya mtu mmoja kesho kwenye gari lake. Nikamwambia nimeshapata usafiri. Sasa nadanganya mpaka mapadri. Nimechemsha mayai nikatengeneza sandwichi, bila kitunguu, Attracta hapendi kitunguu. Mkate umekatika vipande. Nimezifunga hivyo hivyo.

Jumamosi, 17 Mei — uwanjani, nyuma ya karatasi ya programu

Alikuja. Saa nne unusu. Siku zote hupiga honi mpaka kuku wanatawanyika, leo alisimama tu getini, injini inanguruma. Nikapanda. "Funga mkanda," akasema, na hayo ndiyo yaliyokuwa maneno kwa maili ishirini. Halafu akanyoosha mkono akachukua sandwichi, akatafuna, akasema chumvi haitoshi. Karibu nilie.

Watu wachache. Nani anakuja kutazama walioshindwa? Kipindi cha kwanza aibu tupu, kipa wetu anatoa mpira kwa adui kana kwamba kamwahidi. Nilikuwa na ya kumwambia. Sikumwambia. Enda amevaa jezi, na anapiga yeye! Mipira minne, yote imepita juu ya mtambaa panya, mimi kila mara nimeuma skafu. Mara ya nne Attracta akiondoka kwenda nyuma ya jukwaa alinitia penseli hii mkononi. "Andika," akasema, "mdomo ufunge." Ndiyo maana naandika.

Dakika ya sitini na tisa kati ya sabini. Tuko nyuma pointi moja. Pointi moja, tena! Timu hii itanizika.

Refa amepuliza. Wetu! Mita thelathini, kushoto kidogo. Attracta ameshaondoka. Safu tatu za mbele wamegeuka, wananitazama mimi badala ya mpira. Tazameni mbele, enyi watu! Sisemi. Naandika.

Enda ameweka mpira. Anafuta njumu kwenye soksi. Anarudi nyuma.

Moja.

Mbili.

Amesimama. Kwa nini amesimama? Ameinua kichwa, anatazama huku jukwaani, anatafuta. Amenipata. Niliahidi kunyamaza, yeye mwenyewe alitaka ninyamaze. Bado ananitazama, anasubiri. Refa anaangalia saa. Imebaki moja, mwanangu, moja tu — naweka penseli chini, nasimama