Kwa Salehe, Beki Wangu wa Kushoto

Salehe, ndugu yangu,

Desturi yetu ni kuanza barua kwa kuulizana hali. Ya kwako sithubutu kuuliza, basi nakupa yangu: leo si mbaya. Goti limevimba kidogo. Nimekaa mezani kwako hapa Alby, pembeni ya Stockholm, kwenye kiti chako, maana shemeji Rukia amekataa katakata nikae kwingine. Amenipikia wali bila nazi na kuuombea msamaha kabla sijaonja. Zuhura wenu anacheza chini ya meza. Mama yake akimwita kwa Kiswahili, anaitika kwa Kiswidi. Ungekuwepo ungejifanya umekasirika, halafu ungecheka wewe wa kwanza.

Theluji imekwisha, mechi zimeanza bila wewe.

Mimi nilishazoea Ureno, unajua. Jua lipo, samaki wapo, na kocha ananipenda. Wewe ndiye uliyenipigia simu: "Petro, njoo tumalizie hapa Stockholm, kwenye klabu tuliyoanzia. Wewe mbele, mimi nyuma." Nikafungasha. Nawe ukafa kabla ya mazoezi ya kwanza, moyo umesimama karakanani, chini ya basi ulilokuwa unalitengeneza. Nilikukasirikia sana, Salehe. Hata nilipokuwa nimeshika udongo wa kaburi lako, ule udongo mgumu uliochimbwa kwa mashine kwa sababu ya barafu, nilikuwa nimekukasirikia. Bado nimekasirika kidogo.

Watu wa hapa walidhani nina macho kisogoni. Macho yalikuwa yako. Winga akipokea mpira huku ameligeuzia mgongo goli la adui, hajui nyuma yake kuna nani. Beki wake ndiye anayeona. Tangu Tanga, tulipokuwa tukicheza peku, wewe ulikuwa unanitazamia nyuma yangu. Ukiita "Mtu!" nakurudishia mpira. Ukiita "Geuka!" nageuka bila kutazama, na njia naikuta nyeupe. Tulipofika Stockholm ikawa raha zaidi, maana tulikuwa tunapiga kelele uwanja mzima na hakuna adui aliyeelewa. Ulikuwa mwaka ule Waswidi walipohamisha magari yao yote kutoka kushoto kwa barabara kwenda kulia. Tulikaribia kugongwa mara ngapi mimi na wewe, tukitazama upande wa kwetu! Ulikuwa ukinitania, "Wahame wote, winga wangu abaki kushoto."

Halafu nikaenda zangu Ubelgiji, nawe ukabaki na mabasi yako na Rukia. Kule nilijifunza kutazama begani kabla ya kupokea. Kutazama kunakula muda, Salehe. Ndani ya muda huo beki wa Kibelgiji anakuwa ameshafika, na ameshafika na njumu zake. Ureno nilipata beki mpole, mstaarabu, lakini kimya kama yuko kanisani. Nilicheza, nikasifiwa hata magazetini, ila kucheza kama nilivyocheza na wewe, hapana. Ndiyo maana ulipopiga simu sikujiuliza mara mbili.

Msimu huu nilianza vibaya mno. Nikipokea mpira nilikuwa nakusubiri. Sikukusudia. Mwili wenyewe ulikuwa unasubiri sauti, na sauti haiji, na mpira unachukuliwa. Kocha akaniambia waziwazi kwamba ananipa mechi chache, nisipobadilika nafasi anampa mwingine. Winga wa umri wangu akiondolewa hapa, hakuna klabu itakayomfuata. Nilijua ndiyo mwisho wangu.

Rukia akawasimulia wenzetu. Ungewaona! Jumapili wakaja wote kunisaidia, Watanzania, Waganda, na yule Mkongo fundi wa viatu, wamejipanga kando ya uwanja upande wangu. Mpira ukanijia. Mmoja akaita "Mtu!" Mwingine "Geuka!" Mganda akaita "Pasi! Pasi!" na Mkongo akapaza sauti kwa Kifaransa chake, "Derrière! Nyuma yako, mon frère!" Nikageuka moja kwa moja kifuani kwa adui, yeye akauchukua, wakafunga. Kocha akanitoa. Wale jamaa wakanipigia makofi nikitoka, roho zao nyeupe kabisa. Kocha akasema imebaki mechi moja.

Sasa nikwambie habari ya Lennart. Unamkumbuka, yule mwenye upara, aliyekaa benchi miaka yote akingoja uumwe hata mafua apate namba. Jezi yako amepewa yeye. Nilikuwa simpendi, na hakunikosea lolote. Baada ya mechi ile akaja kuketi karibu yangu, akaniuliza yale maneno uliyokuwa ukiniitia yana maana gani. Aliyasikia kutoka benchi miaka yote. Alitaka kuyajua vizuri, si kuyabahatisha.

Nikamfundisha kwenye treni, maana wote tunakwenda Vällingby. Fikiria behewa la Waswidi, kila mtu na gazeti lake, hakuna anayekohoa, halafu lile jitu linapasua ukimya, "Mtu!" Bibi mmoja alihama kiti. Lennart akawa mwekundu mpaka utosini, lakini hakuacha. Kituo baada ya kituo, "Mtu! Geuka! Mtu!"

Jumamosi ndiyo ilikuwa ile moja iliyobaki. Niliupokea mpira pale pale pangu, kwenye chaki ya pembeni, mgongo wangu umeelekea goli lao. Nikasikia "Geuka!" kwa ile lafudhi yao inayopanda mwishoni kama swali. Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Nikakimbia, nikapiga krosi, mshambuliaji wetu akaweka kichwa, nyavu zikatikisika. Wote wakamkimbilia mfungaji. Mimi nilibaki kwenye kibendera cha kona, nimeinama, najifanya nafunga kamba za viatu, kumbe nalia. Kwa sababu sikukusubiri, Salehe. Tangu nikuzike ndiyo mara ya kwanza mpira unanijia bila wewe kuwamo kichwani mwangu. Niliogopa kuachwa na klabu, kumbe nilikuwa naogopa na hilo pia, kuacha kukusubiri.

Kocha amesema nabaki. Nilipomwambia Rukia alijifunika uso kwa kanga, nikashindwa kujua analia au anacheka. Nadhani vyote.

Jana kwenye treni Lennart aliniuliza neno moja zaidi. Anasema nilipokuwa napoteza mpira, ulikuwa unasema kitu kwa sauti ya chini, si ya kupiga kelele, na mimi nikawa nainua kichwa tena. Ni neno gani hilo?

Ni "haidhuru," Salehe. "Haidhuru, Petro." Hukuwahi kunifokea, hata siku nilipokosa goli tupu na wewe umekimbia uwanja mzima kunipa ule mpira.

Nikamwambia ulikuwa unakohoa tu.

Pumzika, ndugu yangu. Zuhura hatakosa baba mdogo, na Kiswahili atakijua, atake asitake. Mimi nitacheza mpaka miguu ikatae, na Lennart ataniitia. Lakini kila nitakapopoteza mpira, kabla sijaukimbilia, nitasimama kidogo nikungoje.

Winga wako,
Petro