Neno Alilonitupia Msimamizi

3 Machi

Dada yangu,

Salamu tele. Mimi mzima, ila mgongo unadai talaka. Goti lako je?

Juzi niliweka vigae vya bafu zima bila kupima mteremko, nikijua waliomwaga sakafu wameshauweka. Maji yakalikwepa tundu la kutokea, yakaenda kulala chumbani. Msimamizi akafoka mbele ya watu: "Nani kakutuma u-assume?" Wenzangu wakacheka, nami nikacheka, bila kujua nacheka nini. Kiingereza changu unakijua, tuliacha shule siku moja. Neno hilo ni tusi? Niambie, nisije nikasema asante.

Nikirudi nyumbani mwakani tutaiongezea nyumba yetu vyumba viwili. Utanipikia kama kawaida, tuzeeke pamoja. Nani mwingine atauweza ulimi wako!

Mdogo wako

21 Machi

Mdogo wangu,

Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Pole na mgongo.

Tulia, si tusi. Nilivuka barabara nikamuuliza mwalimu mstaafu, yule aliyefiwa na mkewe. Akaja na kamusi nene kama tofali. Anasema assume ni kuchukulia jambo kuwa kweli kabla hujalihakikisha. Limetoka Kilatini, na huko lilikuwa kujitwalia kitu. Ndiyo maana Waingereza hulitumia pia mtu anaposhika cheo, au anapojivika sura isiyo yake. Nikamwambia, "Kumbe mdogo wangu amejitwalia mteremko usiokuwepo!" Alicheka mpaka miwani ikatumbukia kwenye chai.

Kesho yake akarudi, eti kuna maana aliisahau. Keshokutwa yake akakumbuka nyingine.

Dada yako

9 Aprili

Dada,

Natumaini hujambo. Mimi nimechoka lakini nipo. Vigae nilivibandua vyote siku yangu ya mapumziko, na maji sasa yana adabu.

Mwambie mwalimu neno limeeleweka, asijisumbue tena. Mzee wa watu anatafuta chai ya bure. Mpe, ila usimzoeshe. Chumba chako kitakuwa upande wa jikoni, goti lisitembee mbali. Mlango nimeshauagiza.

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

Nakuombea afya. Mimi sijambo, ila silali vizuri.

Mwalimu ameniposa. Sijamjibu. Nilimwambia nina ndugu mmoja tu, nimemlea mwenyewe, siwezi kuolewa yeye amenuna.

Sasa nikuulize. Lini uliwahi kuniuliza kama nakitaka hicho chumba cha jikoni? Umejitwalia uzee wangu, ukauagizia na mlango. Sikulaumu sana, nami nilinyamaza. Lakini nina miaka hamsini na mbili, na ulimi wangu umepata mtu anayeufurahia. Nijibu. Mwalimu amesema hatakuja mpaka nimwite.

Dada yako

6 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Kimya chako nimekielewa, umekasirika. Kesho nitamwambia mwalimu asisubiri. Kula vizuri.

Dada yako

15 Juni

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na naomba barua hii ikukute hujafungua mdomo!

Nani kasema nimekasirika? Nilikuwa naandika na kuchana. Kila nikianza naona najieleza mimi tu: nani atanipikia, nani atanipokea nikirudi, nitaongea na nani jioni. Barua nzima, wewe humo ndani yake. Mwenzangu wa kitanda cha juu akauliza, "Unamwandikia nani mapenzi hayo?" Nikamwambia, "Dada yangu, anataka kuolewa." Akasema, "Na wewe unalia nini, unaolewa wewe?" Nikamrushia kiatu, lakini amenizindua.

Basi kwangu ni ndiyo. Kupika nitajifunza, tayari naunguza chai vizuri. Lakini ndiyo yangu haitoshi, maana sijawahi kukuuliza lolote maisha yako yote. Leo nauliza. Dada, wewe mwenyewe, unamtaka mwalimu?

Mdogo wako

28 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilinikuta nimeshamwambia asisubiri. Akanijibu kwamba ni jirani yangu, anakaa mlangoni kwake kama kawaida, na kama huko ni kusubiri basi nimshtaki.

Namtaka.

Shemeji yako yuko hapa anamenya vitunguu na kulia. Anakusalimu.

Dada yako