Mkubwa Hajagusa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nimeegemea kipasha joto cha ukutani, miguu ndani ya soksi mbili, na nje kumeshaingia giza wakati hapo Ujiji bado jua linawaka. Goti lako linaendeleaje? Na kile kikohozi? Sisi huku ni wazima, ila baridi ndiyo bado hatujapatana nayo. Dada Mwamini, wewe unayemsomea mama, soma yote na usiruke mstari, hata pale nitakapokusema.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu mama unaniambia, "Nakula, mwanangu, nakula," halafu dada akichukua simu ananinong'oneza kwamba tangu tuondoke sahani yako inarudi jikoni kama ilivyotoka. Hilo nitalirudia. Kwanza nikupe habari za mjukuu wako.

Zawadi ameanza chekechea. Wote pale wanaongea Kinorwe, naye alikwenda bila neno hata moja. Siku za mwanzo alikuwa anakaa pembeni na koti lake, hataki livuliwe. Niliumia, mama. Mtoto aliyekuwa akibishana na wauza samaki wa Katonga, leo yuko kimya kama mgeni msibani. Baadaye akapata mwenzake wa kusukumana naye kwenye theluji, nikashukuru.

Shida ikaja kwenye chakula. Huku kila mtoto anabeba chake kwenye kibakuli chenye mfuniko. Kila jioni nikifungua, mkate umo vilevile. Nikasema labda hapendi jibini lao la kahawia. Nikampikia chapati, ikarudi. Nikatoa hata wale dagaa uliotufungashia, nikawakaanga kwa mawese, nikaweka na ugali, vikarudi. Ajabu ni kwamba tukifika nyumbani, mimi nikionja kidogo nione kama vimechacha, naye anavimaliza palepale. Baba yake akasema ni deko, mtoto kalelewa na bibi. Nilimjibu vibaya, na siku hiyo hatukusemezana.

Mwalimu wao, mama mmoja mpole mwenye mvi, akaniita. Kupitia mkalimani akasema mtoto anapungua, na kwa kuwa hali na hasemi, huenda hajawa tayari. Walitaka aonwe na daktari, na kwa sasa abaki nyumbani. Akibaki nyumbani mimi siendi darasa langu la lugha, na bila lugha kazi sipati. Lakini si hilo lililoniogopesha zaidi. Niliogopa mwanangu aonekane ana kasoro katika nchi ambayo hawezi hata kujieleza. Nililia ndani ya basi, na watu wakageukia madirishani, ndiyo adabu ya huku.

Nikaomba nikae nao siku moja. Wakati wa kula watoto walikaa, kila mmoja akafungua chake akaanza kutafuna. Mwalimu alikaa nao mezani lakini hakula, maana walimu wanakula chao baadaye. Zawadi akafungua kibakuli, akaweka mikono mapajani, akamtazama mwalimu usoni. Mwalimu akatabasamu, akamwonyesha chapati. Mtoto akainamisha kichwa, akaendelea kusubiri.

Mama, nilikuona palepale. Miaka ile mimi niko kambi ya wakimbizi nasubiri majina yetu yasomwe ya kuja huku, wewe ndiye uliyemlea. Nilikuona umekaa mkekani, sinia katikati, unamshika mkono akikimbilia samaki wa mgebuka na kumwambia, "Acha kwanza, weye. Mkubwa hajagusa." Mtoto wangu hakuwa mgonjwa wala mjinga. Alikuwa na adabu, na alikuwa na njaa.

Nikamwendea mwalimu na Kinorwe changu cha kuokoteza, nikamwambia, "Wewe kula. Wewe kwanza." Akadhani namkaribisha tu, akashukuru, akashika tumbo kuonyesha ameshiba. Nikang'ang'ania. Watoto wote wakaacha kutafuna wakatutazama. Mwishowe akamega kipande cha chapati akatia mdomoni. Zawadi alipoona ametafuna, akanyoosha mkono. Alikula mpaka akalamba mfuniko.

Mkalimani alipomweleza baadaye, yule mama alivua miwani akaifuta. Sasa kila siku anamega kidogo kwanza, na habari za daktari zimekwisha. Hata maneno yameanza kutoka. Juzi Zawadi alinigombeza kwa Kinorwe kwa kuchelewa kumchukua, na mimi sikuelewa nusu yake.

Sasa turudi kwako, mama. Dada, hapa usiruke. Jioni moja nimepakua, baba yake kamega, mimi nimemega, Zawadi mikono iko mapajani. Nikamwambia, "Kula, wakubwa tumeshagusa." Akaniuliza, "Na bibi je? Bibi ameshagusa?" Kumbe alinisikia nikiongea na dada kwenye simu. Nikamwambia ndiyo, bibi keshagusa, ndipo akala. Tangu hapo kila jioni ananiuliza, na kila jioni namdanganya mtoto mbele ya chakula. Nimechoka nayo.

Msalimie mjomba na wenzake wa mtumbwini, mwambie samaki wa huku hawana ladha na nimewavumilia vya kutosha. Jirani yetu wa Simbo anayekuletea mihogo, mpe salamu yangu ya Kiha, mwakeye, na umshukuru. Kaka zake Zawadi, vijana wa dada, waambie waache kukuachia ndoo ya maji ukutani, waibebe mpaka ndani. Baba Zawadi anakuamkia.

Sisi tunakula mapema, jua la kwenu likiwa linazama. Dada akikuwekea sahani saa hiyo, mega hata tonge moja, mama. Mjukuu wako ameshakaa, na mikono ameiweka mapajani.

Ni mimi binti yako,
Faida, mama Zawadi